Nyumba ya Upataji Nafuu Tuliyoitumia Arusha, na Mahakama Iliyokosekana Nyuma Yake

Tathmini hii inahusu nyumba ya upataji nafuu, yaani ya kuwasaidia watu kuacha dawa za kulevya, iliyoko nje kidogo ya jiji la Arusha, upande wa barabara inayoelekea Moshi, ambako familia yetu ilimpeleka mtoto wa dada yangu baada ya mahakama kumwachia kwa masharti katika kesi ya wizi. Jina la nyumba silitaji, kwa sababu baadhi ya nitakayoyasema ni malalamiko, na mengi ya malalamiko hayo hayakusababishwa na nyumba peke yake. Ndani ya uzio wake nyumba hii inafanya kazi nzuri. Lakini kijana aliyefika pale kwa sababu unga, yaani heroini, ulimfikisha kwenye jinai anahitaji pia kitu ambacho hakuna nyumba ya binafsi inayoweza kukitoa, nacho ni hakimu anayemfahamu kwa jina na anayemwita tena na tena hadi mwisho wa safari. Zipo nchi zenye mahakama za namna hiyo, na matokeo yake yamepimwa kwa zaidi ya miaka 30, kwa hiyo nimeona ni haki kuipima huduma tuliyoilipia kwa kuilinganisha nayo.

Nianze na yanayostahili sifa. Anayeingia hupokewa na watu ambao wengi wao waliwahi kutumia unga wenyewe. Siku za kwanza ni za arosto, yaani mateso ya mwili unapokosa dawa uliyoizoea, na aliyewahi kumuuguza mtu katika hali hiyo anaijua: kuhara, kutapika, makamasi na machozi yasiyokatika, mifupa kuuma, miguu kurusharusha usiku kucha, na usingizi kugoma kabisa. Kijana wetu alilazwa katika chumba kilicho karibu na jiko, ambako maji ya moto hayakosekani, akapewa mwenzake wa kukesha naye, na kila alipokataa uji aliletewa tena baadaye bila kukemewa. Hakufungwa mnyororo na hakuchapwa. Nalitaja hili kwa makusudi, maana zipo familia ambazo kwa kukata tamaa huwafungia vijana wao ndani kwa kamba, na zipo sehemu zinazojiita za matibabu ambazo huendeleza mtindo uleule kwa malipo.

Arosto ikishapita, siku hufuata ratiba isiyobadilika: kuamka alfajiri, sala au tafakuri, usafi wa uwanja, uji, kikao cha asubuhi kinachofuata hatua 12 za kuacha uraibu, kazi za bustani na za jikoni, michezo, kisha kikao cha jioni ambamo kila mmoja hutaja jina lake na muda aliokaa bila kutumia. Ada ni shilingi 250,000 kwa mwezi, ukiacha sabuni, ndala na mahitaji madogo ambayo familia huleta. Kwa familia ya kipato cha kawaida ya Moshi huo ni mzigo mkubwa, na sisi tuliubeba kwa kuchangishana ndugu wote.

Nimevutiwa zaidi na uaminifu wa nyumba hii katika vipimo. Jumapili za kutembelea, msimamizi huleta daftari la vipimo vya mkojo na kumruhusu mzazi alisome. Mara ya kwanza dada yangu alipoonyeshwa kile kipande cha kipimo na kuona mistari miwili, alianza kulia, kwa kuwa alizoea kipimo cha mimba, ambacho mistari miwili humaanisha kitu kipo. Msimamizi alimshika mkono akamwambia, "Mama, hapa mistari miwili maana yake mwili hauna dawa. Ukiona mmoja, hapo ndipo tukae tuzungumze." Kisha akamweleza kwamba unga huonekana kwenye mkojo kwa takriban siku mbili au tatu tu, wakati bangi kwa mtumiaji wa kila siku inaweza kuonekana kwa wiki kadhaa, na kwamba ndiyo maana wao hupima bila kutangaza siku. Anayepima unga mara moja kwa mwezi, tena kwa siku inayojulikana, hapimi chochote. Nilifurahi kuona kwamba wanalijua hilo na wanalitekeleza.

Sasa kasoro. Ya kwanza ni ya kitabibu. Muuguzi hafiki kila siku, na katika siku za mwanzo hilo ni hatari, hasa kwa wanaoacha pombe au vidonge vya kutuliza kama valiamu, kwa sababu kuviacha ghafla baada ya matumizi ya muda mrefu kunaweza kuleta degedege na hata kifo. Arosto ya unga hutesa sana lakini ni nadra kumuua mtu mzima mwenye afya ya kawaida. Ya pombe inaua. Nyumba inayopokea wote kwa utaratibu mmoja inapaswa kuwa na mhudumu wa afya wa kuwatenganisha siku ileile wanapoingia.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi, nayo ni msimamo wa nyumba kuhusu methadoni, dawa ya kunywa inayotolewa kliniki badala ya unga. Pale wanaamini kwamba anayekunywa methadoni bado anatumia, kwa hiyo aliyeandikishwa kliniki hapokewi mpaka aiache. Msimamo huu siukubali hata kidogo. Huduma ya methadoni ilianza katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2011, ikafuata Mwananyamala na Temeke, kisha ikaenea mikoani, Arusha ikiwemo. Mgonjwa hunywa dozi yake mara moja kwa siku mbele ya mhudumu, arosto inatulia kwa siku nzima, naye anapata utulivu wa kufanya kazi na kulala. Faida yake kubwa ni kwamba inapunguza vifo. Mwili uliokaa miezi kadhaa bila unga hupoteza uwezo wa kuhimili kiasi ulichokizoea, na kijana anayetoka kwenye nyumba ya upataji nafuu au gerezani akarudia kwa kipimo chake cha zamani anaweza kufa siku hiyohiyo. Wiki za kwanza baada ya kutoka ndizo za hatari kuliko zote. Nyumba inayomwachisha mtu unga, ikamnyima methadoni, kisha ikamrudisha mtaani bila mpango wa ufuatiliaji, inamtoa akiwa dhaifu kuliko alivyoingia, hata kama anaonekana amenenepa na uso umemng'aa. Kwa anayeacha bangi au mirungi suala hili halimhusu, kwani methadoni ni tiba ya unga na dawa nyingine za jamii ya afyuni.

Kasoro ya tatu ndiyo inayonirudisha kwenye mahakama. Msimamizi aliniambia kwamba vijana wenye kesi hukaa kwa utulivu mpaka kesi iishe, kisha huanza kufungasha. Kijana wetu, ambaye kesi yake ilikuwa imekwisha kabla hajaingia, naye alifungasha mapema. Mahakama iliyomtia hatiani ilitumia huruma ambayo sheria inaruhusu: kifungu cha 38 cha Kanuni ya Adhabu kinampa hakimu uwezo wa kumwachia mkosaji kwa sharti la kutotenda kosa jingine kwa muda usiozidi miezi 12. Namshukuru hakimu kwa kutompeleka gereza la Kisongo. Hata hivyo, sharti lile halikugusa unga kwa neno hata moja, ingawa kila aliyekuwa ukumbini alijua kwamba vitu vilivyoibwa viliishia kwenye kete za unga. Halikutaja matibabu. Halikupanga siku ya kurudi. Hakuna ofisa aliyepiga simu nyumbani wala kule alikokuwa akitibiwa kuuliza maendeleo yake, na kwa muundo wa amri ile hapakuwa na aliyelazimika kuuliza. Kijana alipotangaza kwamba amechoka na anataka kuondoka kabla mpango haujakamilika, msimamizi hakuwa na mamlaka ya kumzuia, nasi tulibaki na kusihi. Mimi ni mjomba wake. Alinisikiliza kwa adabu zote, akasema, "Nimekuelewa, mjomba," akaondoka.

Mahakama maalumu za dawa za kulevya zilibuniwa kuziba pengo hilo. Ya kwanza ilianza Miami, katika jimbo la Florida nchini Marekani, mwaka 1989, wakati kesi za kokeini zilikuwa zimefurika na watu walewale walikuwa wakirudi kizimbani kila baada ya muda mfupi. Hakimu wake wa kwanza, Stanley Goldstein, alizungumza na washtakiwa moja kwa moja badala ya kupitia kwa mawakili wao. Leo Marekani ina mahakama za namna hii zaidi ya 3,000. Jimbo la New South Wales nchini Australia lilianzisha yake huko Parramatta mwaka 1999, na Uskoti ikaanza Glasgow mwaka 2001. Utaratibu unafanana kila mahali: kabla ya kikao, hakimu, mwendesha mashtaka, wakili wa utetezi, ofisa uangalizi (anayemfuatilia mkosaji akiwa nje ya gereza) na mtoa tiba hukaa pamoja na kujadili maendeleo ya kila mshiriki, kisha mshiriki huitwa mbele, mwanzoni kila wiki au kila baada ya wiki mbili, akiwa na majibu ya vipimo vyake. Akifanya vizuri hupongezwa hadharani, ukumbi mzima ukapiga makofi, na vikao vyake vikapunguzwa. Akiteleza hupewa adhabu ndogo inayopanda hatua kwa hatua, au matibabu yake hubadilishwa. Mpango huchukua mwaka mmoja au zaidi, na mwishoni kesi hufutwa au adhabu hupunguzwa.

Je, zinafanya kazi? Kwa watu wazima, ndiyo, kwa kiasi kinachoonekana. Ojmarrh Mitchell na wenzake walichapisha mwaka 2012 uchambuzi wa tathmini 154, wakakuta kwamba mahakama za watu wazima zinapunguza kurudia makosa kwa kiasi kinacholingana na kushuka kutoka asilimia 50 hadi takriban 38, na kwamba nafuu hiyo hudumu kwa miaka kadhaa. Kwa watoto na vijana wadogo matokeo yalikuwa hafifu zaidi. Tathmini nyingi kati ya hizo hazikuwagawa washiriki kwa bahati nasibu, kwa hiyo sizichukulii kama neno la mwisho. Utafiti mwingine mkubwa wa Marekani, uliokamilika mwaka 2011 ukiwa umefuatilia mahakama 23 pamoja na maeneo 6 ya kulinganisha, ulikuta kwamba baada ya miezi 18 asilimia 56 ya washiriki walikuwa wametumia dawa katika mwaka uliotangulia, ikilinganishwa na asilimia 76 ya wasioshiriki; waliokiri kutenda makosa walikuwa asilimia 40 dhidi ya 53. Kwa fedha, utafiti huohuo haukuweza kuthibitisha kwa uhakika kwamba serikali iliokoa gharama. Asilimia 56 ni zaidi ya nusu, na mzazi anayetafuta dawa ya kumaliza kila kitu hataipata huko.

Hata hivyo, ndani ya takwimu hizo lipo jambo ambalo kwangu ni kiini cha suala lote. Utafiti huo wa mahakama 23 uligundua kwamba kilichochangia sana mafanikio ni namna mshiriki alivyomwona hakimu: kama alimwona ni mtu wa haki anayemjali na kumheshimu, alipunguza dawa na makosa zaidi. Shannon Carey na wenzake, katika uchunguzi wa mahakama 69 uliochapishwa mwaka 2012, walikuta kwamba mahakama ambazo hakimu alitumia wastani wa dakika 3 au zaidi kwa kila mshiriki zilifanya vizuri kwa tofauti kubwa kuliko zile alikotumia pungufu ya hapo. Dakika tatu! Kijana wetu alihudhuria mahakamani mara nyingi, kesi ikiahirishwa na kuahirishwa tena, na sina hakika kama dakika zote ambazo hakimu yeyote alimtazama usoni na kusema naye zinafika hizo.

Majaribio ya Douglas Marlowe na wenzake yanaonyesha pia nani anayefaidika. Walipowapa washtakiwa ratiba tofauti za kumwona hakimu, waliokwisha kushindwa matibabu huko nyuma walinufaika sana na vikao vya kila wiki mbili, lakini wenye hatari ndogo ya kurudia hawakupata faida ya ziada. Kwa lugha ya mtaani kwetu, mtoto wa shule aliyekutwa na msokoto mmoja wa bangi hapaswi kuburuzwa huko kwa mwaka mzima. Anayestahili ni yule ambaye familia imempeleka mara kwa mara na akarudia. Ureno iliamua kuwaondoa kabisa mahakamani wanaokutwa na kiasi kidogo cha kutumia wenyewe, ikawapeleka mbele ya tume za ushauri kuanzia mwaka 2001, na kwa kundi hilo naona hiyo ndiyo njia yenye akili zaidi.

Wakosoaji wa mahakama hizi wana hoja ambazo hazipaswi kupuuzwa. Shirika la Physicians for Human Rights lilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2017 jinsi katika baadhi ya majimbo ya Marekani maamuzi ya kitabibu yalivyokuwa yakifanywa na watu wasio na taaluma ya tiba. Mahakama nyingi zilikataa methadoni, kosa lilelile la nyumba yetu ya Arusha, mpaka serikali kuu ya Marekani ilipotangaza mwaka 2015 kwamba mahakama inayopokea ruzuku yake haiwezi kumzuia mshiriki kutumia tiba aliyoandikiwa na daktari. Tena, katika mahakama nyingi mshiriki hukiri kosa ndipo aingie kwenye mpango, na akishindwa anaweza kuishia na kifungo kirefu kuliko ambacho angepewa kama angekwenda njia ya kawaida. Kurudia ni sehemu ya ugonjwa wa uraibu. Kumfunga mtu kwa sababu dalili ya ugonjwa wake imejitokeza ni kurudi palepale tulipotoka.

Nikiyaweka hayo yote mezani, naona Arusha ingeweza kulijaribu jambo hili bila kujenga jengo jipya. Mji huu umezoea mahakama: ulikuwa makao ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda hadi mwaka 2015, leo una Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu na Mahakama ya Afrika Mashariki, na tangu mwaka 2021 una Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki, chenye mahakama za ngazi mbalimbali chini ya paa moja. Nchi yenyewe imekwisha kukubali kwamba baadhi ya mashauri yanahitaji sehemu yake, kama ilivyofanya Temeke kwa mashauri ya familia na mirathi. Sheria za kuanzia pia zipo. Amri ya uangalizi ipo, na Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 inaruhusu kifungo kifupi kibadilishwe kuwa kazi ya jamii. Wauzaji wakubwa wabaki kwenye mkondo wao wa Mahakama Kuu. Hapa nazungumzia mwizi wa betri na wa simu, ambaye ukimuuliza anaiba kwa ajili ya nini, jibu ni kete.

Kinachohitajika ni hakimu mmoja asiyebadilishwa, siku moja ya wiki, ofisa uangalizi mwenye orodha fupi ya watu wake, na mhudumu wa kliniki ya methadoni aliyeketi katika chumba kilekile. Orodha ianze na wanaotumia unga, kwa kuwa kwao tiba ipo. Wa bangi, ambayo kwa Arusha hatuhitaji kuitafuta mbali na mashamba ya Kisimiri Juu yanayochomwa kila mara, na wa mirungi ya milima ya Same, wangehitaji ushauri nasaha zaidi kuliko dawa, na hapo nyumba kama hii yetu ingefaa sana.

Kwa familia inayofikiria kuitumia nyumba hii hivi leo, ushauri wangu ni huu. Kama mgonjwa wenu anatumia unga, nendeni kwanza kliniki ya methadoni mkapate maelezo, kisha mwulizeni msimamizi kama atampokea akiendelea na dozi. Akikataa, tafuteni pengine, hata kama bustani ya hapa ni nzuri. Kama anakunywa pombe kwa wingi, apite hospitali kabla ya kuingia. Kama ana kesi, mwambieni wakili, au nyinyi wenyewe mkipewa nafasi ya kusema kabla ya adhabu, amwombe hakimu aandike matibabu ndani ya amri na kupanga tarehe za kurudi kutoa taarifa. Sisi hatukuomba kwa sababu hatukujua kwamba linaombeka.

Mwana wetu sasa yuko nyumbani Moshi, anakunywa methadoni, na anasafiri kila asubuhi kwenda Arusha kwa basi la alfajiri mpaka atakapopangiwa utaratibu mwingine. Nauli ya kwenda na kurudi inatushinda baadhi ya wiki. Yeyote atakayepanga mahakama ya namna hii kwa mikoa yetu miwili aanze kwa kuweka nauli hiyo kwenye bajeti, na asiweke kikao saa ambayo dirisha la dozi limefunguliwa, maana mtu anayelazimika kuchagua kati ya hakimu na dawa yake ataandikwa mtoro katika daftari mojawapo, na kosa halitakuwa lake.